Huvadhu kwa mtu wa Mombasa: maandalizi ya safari ya mawimbi

Kila nikitaja Huvadhu, wenzangu wa pwani wanaopenda kuteleza mawimbini kwa ubao huniuliza nilibeba ubao gani. Ni swali la haki, lakini mimi huliweka nyuma sana. Kisiwa cha mbali hakina duka la nta, hakina fundi wa mbao za mawimbi, na daktari anaweza kuwa ng'ambo ya maji, mwendo mrefu wa boti. Utakachokuwa nacho ni kile ulichokitengeneza nyumbani: mwili wako, dawa zako, mpango wako na adabu yako. Ndiyo maana nasema safari hii hufanyika Mombasa kwanza, miezi kadhaa kabla ya kupanda ndege.

Kwa asiyepajua, Huvadhu ni duara kubwa la miamba na visiwa zaidi ya 200 kusini mwa Maldivi, karibu kabisa na Ikweta. Iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Malé. Ukitua Malé unapanda ndege ndogo ya ndani hadi Kooddoo au Kaadedhdhoo, kisha boti hadi kisiwa ulichopanga. Mawimbi yanayosifiwa yako ukingo wa kusini na kusini-mashariki, na wateleza mawimbi wameyapa majina ya Kiingereza: Beacons, Tiger Stripes, Love Charms, Blue Bowls. Hayafanani. Blue Bowls lina upole kiasi. Beacons huvunjika kwa nguvu juu ya mwamba usio na maji mengi, na kama bado unahesabu mara ulizosimama vizuri juu ya ubao, lile litazame tu ukiwa ndani ya boti.

Anza na pepo. Hapa mtu wa Mombasa ana bahati, kwa sababu kalenda ya Maldivi ni ya pepo zile zile alizozisikia kwa wazee wa baharini. Kusi linalotupiga sisi kutoka kusini-mashariki, likishavuka Ikweta hupindishwa na mzunguko wa dunia, na huko juu Maldivi hufika likitokea kusini-magharibi. Kaskazi nalo huanzia kule kabla ya kutufikia. Nilipolielewa hilo niliacha kubahatisha tarehe. Kusi likiwa limekolea, Juni na Julai, Huvadhu hupata mvua na upepo wa kuvuruga maji. Mawimbi yapo, ila yamechafuka. Miezi ninayoipenda mimi ni Februari hadi Aprili, kaskazi inapolegea kuelekea tanga mbili, yaani kipindi cha pepo kubadilishana, na tena Septemba na Oktoba kusi linapochoka.

Wimbi lenyewe halizaliwi na upepo unaousikia usoni pale ufukweni. Linatoka kwenye dhoruba za kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, na husafiri kwa siku nyingi kabla ya kufika. Sisi huku Madagaska inatuzibia sehemu ya mawimbi hayo. Maldivi hayana kizuizi. Kwa hiyo ukifungua programu ya hali ya bahari kwenye simu, usiangalie urefu wa wimbi peke yake. Tazama sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Mita moja na nusu yenye sekunde 8 ni bahari ya kawaida ya kusi letu, fujo nyingi na nguvu kidogo. Mita moja na nusu yenye sekunde 15 ni kitu kingine: maji yametoka mbali, yamejipanga, na yakigusa mwamba yanainuka ghafla kuliko macho yako yalivyotarajia. Nakushauri ufuatilie namba hizo kila siku kwa majira mazima kabla ya safari, huku ukienda Mama Ngina au Nyali kulinganisha na unachokiona. Jicho likizoea hapa, kule halitababaika.

Kuna jambo moja ambalo uzoefu wetu wa bahari hautusaidii, nalo ni maji kujaa na kutoka. Mombasa siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hupita mita 3, na sote tumezoea kuuona mwamba ukianikwa juani. Maldivi tofauti hiyo ni kama mita 1 tu. Mgeni kutoka kwetu anaweza kuona ni kidogo mno cha kujali. Lakini juu ya mwamba wenye maji ya kufika kiunoni, nusu mita ndiyo inayoamua kama utaanguka majini au juu ya matumbawe. Waulize vijana wa kisiwa kila wimbi linapendeza maji yakiwa wapi, uyaandike. Uliza pia habari za milango, yaani njia za maji kati ya mwamba na mwamba. Bahari yote ya ndani ya duara lile huingilia na kutokea humo, na mkondo wake hukuvuta hata siku ambayo bahari inaonekana imelala.

Mwili unautengeneza hapa. Siku moja ya mawimbi ni dakika chache za kusimama na saa nyingi za kupiga kafi kwa mikono, na mabega ndiyo huchoka kwanza. Siku za bamvua pale Nyali maji hujaa kama saa kumi alasiri. Saa hizo watu wanatoka kazini, basi tumia neema hiyo. Chukua ubao, piga kafi ukiambaa na ufuo upande wa ndani ya mwamba hadi Bamburi ukiweza, urudi. Siku nyingine acha ubao, ogelea, kwa sababu kamba ya mguu, ile inayokufunga na ubao, hukatika, na ikikatika ubao unaondoka nawe unabaki na mikono yako. Nilifanya hivyo kwa miezi mitatu kabla ya Huvadhu, na sikuwahi kujuta hata jioni moja. Zoezi la kuzuia pumzi usilifanye peke yako majini, hata kwa kina cha kidimbwi. Mtu hupoteza fahamu bila dalili na kuzama kimya kimya. Fanya ukiwa na mwenzako anayekutazama wewe, hatazami simu.

Jifunze pia kuanguka. Juu ya mwamba hatuangukii miguu wala kichwa. Tunaanguka bapa, tumejitandaza, kisha mikono miwili inafunika kichwa mpaka tutokeze juu. Zoezi hili linafanyika vizuri kwenye mchanga wa kwetu, urudie mpaka mwili ulifanye bila kuulizwa.

Sasa majeraha, na hapa naomba msinichoke, kwa sababu ndipo safari nyingi huharibikia. Matumbawe yatakukwaruza. Mkwaruzo unaonekana mdogo, mtu anaufuta kwa maji ya chumvi, anarudi majini, na siku ya tatu mguu umevimba. Sababu ni kwamba vipande vidogo vya matumbawe na uchafu wake hubaki ndani ya ngozi. Toka majini, osha kwa sabuni na maji safi mengi, sugua kwa brashi laini hata kama inauma, toa vipande kwa kibanio, paka ayodini, kisha acha pakauke. Wengine watakuambia kamua ndimu. Ndimu inauma, na hilo halimaanishi imesafisha. Pakizunguka wekundu unaotambaa, pakiwa pa moto, au ukipata homa, usisubiri kesho. Tafuta boti ya kwenda hospitali. Ziko Thinadhoo na Villingili. Ukikanyaga samaki yule anayefanana na jiwe au ukichomwa na samaki taa, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa saa moja au zaidi, kwani joto ndilo linaloivunja nguvu sumu yake. Wakati huo huo mwenzako awe anatafuta boti.

Kabla ya safari nenda kwa daktari hapa Mombasa, umweleze waziwazi unakokwenda na utakachofanya. Hakikisha sindano ya pepopunda haijapita miaka 10. Mwombe akuandikie antibayotiki na maelekezo ya lini uitumie. Dawa kali za maumivu usizibebe bila cheti cha daktari, maana sheria za dawa za Maldivi ni kali. Mimi huongeza dawa ya matone ya masikio, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), bandeji zisizopenya maji na mkasi mdogo. ORS zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vinatosha kukuvusha. Malaria haikutishi kule, Shirika la Afya Duniani liliyatangaza Maldivi kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2015. Homa ya dengi ipo, kwa hiyo dawa ya mbu ibebe.

Bima iwe ile inayotaja kuteleza mawimbini na kusafirishwa kwa dharura. Soma maandishi yenyewe, au mpe mtu anayejua akusomee.

Kuhusu ubao: beba miwili kama uwezo upo, mmoja wa kila siku na mmoja mrefu kidogo wa siku kubwa. Kabla ya kulipa tikiti, waandikie shirika la ndege la nje na la ndani, uliza urefu wanaoupokea, na uhifadhi jibu lao. Ndege za ndani ni ndogo na sehemu ya mizigo ina mwisho wake. Ng'oa mapezi, zungushia pua na mkia taulo, halafu jaza nafasi kwa leso. Leso mbili tatu hulinda vizuri, na kule utazivaa. Resini inayokauka kwa jua, kipande cha faiba na msasa utavipata kwa kuulizia mafundi wa boti za faiba. Waangalie wanavyoziba ufa, maana kule fundi utakuwa wewe. Ila uliza ubao wako ni wa povu la aina gani kabla ya kupaka kitu, resini nyingine huliyeyusha. Nta iwe ya maji ya moto, ile ngumu, na kamba za mguu ziwe na akiba. Shati la mikono mirefu na viatu vyepesi vya mwambani ni lazima. Jua la Ikweta linachoma hata ngozi iliyokulia Mombasa.

Makaratasi ni machache. Viza hutolewa unapofika, bila malipo, kwa siku 30. Fomu ya kuingia hujazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya safari. Kadi ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano, ni muhimu kwa sisi tunaotoka Kenya, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla; ukishachomwa ni ya maisha. Pesa taslimu chukua Malé, visiwa vidogo vingi havina mashine.

Tunapofika kule, sisi si wageni kabisa. Salamu ni ile ile, adhana ni ile ile, na asubuhi utaletewa mas huni, jodari aliyechanganywa na nazi, kitunguu na pilipili, pamoja na roshi ambayo mikono yako itaitambua kama chapati. Pombe haramu kisheria kwenye visiwa vya wenyeji. Dada zangu mnaoogopa kwamba mchezo huu hauna nafasi ya sitara, vaeni suruali ya kuogelea na shati refu kama ninavyovaa mimi. Kule hakuna atakayekushangaa, na mwamba utakukwaruza kidogo kuliko aliye uchi mapaja. Majini, aliye karibu zaidi na pale wimbi linapovunjikia ndiye mwenye haki nalo. Siku ya kwanza kaa kando, salimia, waache vijana wa kisiwa wachukue mawimbi yao, utazame wanaingilia wapi na wanatokea wapi.

Nyumbani acha karatasi yenye jina la kisiwa, jina la nyumba utakayolala, namba za boti na za bima, na nakala ya pasipoti. Mama yangu huibandika kwenye mlango wa friji, na hataki kusikia habari za safari mpaka aipate.

Jambo la mwisho ni tarehe. Miaka hii Ramadhani inaingiliana na msimu wa mwanzo wa mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, kwa mwandamo. Mchana mikahawa ya visiwa vya wenyeji hufungwa, boti hupungua, na anayefunga hana maji ya kumtosha kupiga kafi juani. Mimi ningekata tikiti ya wiki mbili baada ya Idi, Machi ikielekea mwisho. Feri za umma kwa kawaida hazitembei Ijumaa, basi panga siku ya kuvuka kwa boti iwe nyingine yoyote.