Nilikaa kiti cha nyuma, hakuna aliyenisemesha

SWALI: Ndugu Mhariri, nimehamia mji mgeni kwangu miezi 4 iliyopita. Kwa kuwa nimekuwa nikishona kwa mkono mifarishi ya viraka, yaani matandiko ya vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, kwa muda wa miaka 3, nilifurahi kusikia kwamba hapa kuna chama cha washonaji wa mifarishi kinachokutana mara moja kwa mwezi. Nilikwenda, nikakaa kiti cha nyuma katika ukumbi wa watu wapatao 60, nikasikiliza taarifa ya mweka hazina na mazungumzo ya mgeni mwalikwa, kisha nikarudi nyumbani bila kusemeshwa lolote zaidi ya salamu. Wengi wao hutumia cherehani, na kazi walizoonyesha zilinifanya nione haya hata kuzitaja zangu. Je, nirudi, au niendelee kushona peke yangu?

JIBU: Dada yangu, rudi, lakini usirudi kwenye kiti kile kile. Methali husema mgeni njoo mwenyeji apone. Tatizo ni kwamba katika ukumbi wa watu 60 wenyeji hawajui mgeni ni yupi, na kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kukukaribisha. Mkutano wa mwezi haufai sana kwa kujuana, kwa sababu wote wamekaa wakitazama mbele. Katika vyama vingi watu hujuana kwenye vikundi vidogo vinavyokutana katikati ya mwezi kushona pamoja, na habari za vikundi hivyo aghalabu hazitangazwi, kwa kuwa wanachama wa siku nyingi hudhani kila mtu anazijua. Kwa hiyo mtafute katibu, na kabla hata ya kuuliza habari za ada, muulize ni kikundi gani chenye nafasi, na kama hukutana mchana au jioni.

Ukisikia kwamba chama kina siku ya kushona mifarishi ya msaada, kwa mfano ya watoto wachanga walio hospitalini au ya familia zilizounguliwa na nyumba, ichague siku hiyo kuliko nyingine zote. Hapo kazi hugawanywa: mmoja hukata, mwingine hupiga pasi, wengine hupanga viraka, na wengine hushikiza zile tabaka tatu, yaani uso wa viraka, pamba ya katikati na bitana. Ni vigumu watu wawili kuvuta ncha za bitana moja wasisemezane. Hata hivyo, kabla ya kutia sindano uliza wanaacha nafasi gani ya mshono, yaani umbali kati ya mshono na ukingo wa kitambaa. Kipimo kinachotumika sana ni robo inchi, takriban milimita 6, na anayeshona peke yake anaweza kujiwekea chake asidhurike. Lakini viraka vya watu wengi vinapounganishwa, ukizidisha milimita 1 tu kila upande unapoteza milimita 2 katika kila mshono, na kipande chenye mishono 5 kwa upana hupungua sentimita nzima. Nimewahi kufumua kwa kosa hilo, tena mbele ya watu.

Kuhusu haya ya kushona kwa mkono, naona umeyageuza mambo. Mwenye cherehani hawezi kuja nayo kwenye kila mkutano, ilhali wewe unaweza kufika dakika 20 kabla, wakati viti vinapangwa, ukakaa mbele na kutoa kazi yako mkobani, na atakayepita hapo atakuwa na jambo la kukuuliza. Wakati wa kuonyesha kazi ukifika, usingoje mpaka uwe na mfarishi uliokamilika. Chukua ule uliokukwama, ueleze ulikuwa unamshonea nani na ni wapi umeshindwa, iwe ni pembe zisizokutana au pamba inayokunjamana, kwa maana washonaji hawawezi kuona pembe isiyokutana wakanyamaza. Utakapomaliza utakuwa na washauri zaidi ya mmoja, na pengine watapingana.

Adabu nyingine ni chache. Usiguse mfarishi wa mtu kabla hajakuruhusu, kwa sababu mafuta na jasho la mikono hubaki kwenye kitambaa. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Na usiombe kutolewa nakala ya ruwaza (mchoro wa kufuata katika kushona) iliyonunuliwa, kwani aliyeibuni ana haki zake.

Ada usiilipe bado. Vyama vingi humruhusu mgeni kuhudhuria mara moja au mbili bure ama kwa mchango mdogo, nawe utumie nafasi hiyo kutazama kama wanapenda ruwaza za kale au za kisasa na kama saa zao zinakufaa. Ukiona baada ya hapo kwamba chama hakikufai, chukua namba za simu za wawili watatu mliopatana, uwaalike kwako waje na sindano zao. Kikundi cha watu wanne hakihitaji mweka hazina.