Binti anayesinzia darasani amekula nini?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama ulaji wa wasichana wa sekondari una uhusiano na mazoea yao ya kusoma. Nafundisha Baiolojia katika shule ya kutwa wilayani Temeke, na kwa maoni yangu uhusiano huo huanzia kwenye damu kabla ya kufika kwenye daftari.

Msichana anayetoka Chamazi hudamkia daladala bila kutia kitu kinywani, na mlo wake wa kwanza huwa ni maandazi au mihogo ya kukaanga na soda wakati wa mapumziko. Vyakula hivyo hushibisha, lakini vina madini ya chuma machache mno kwa mtu ambaye bado anakua na anayepoteza damu kila mwezi. Viwango vya lishe vya Marekani, kwa mfano, humwekea msichana wa miaka 14 hadi 18 miligramu 15 za chuma kwa siku, ilhali mvulana wa rika lake hutoshwa na 11. Chuma kikipungua sana, damu hubeba oksijeni kidogo, na matokeo yake huonekana darasani: binti hurudia aya moja mara tatu, husinzia, huahirisha mazoezi ya hesabu, na sisi walimu tunaandika kwenye ripoti kwamba hana bidii.

Dalili ninayoitazama zaidi ni kutafuna udongo na mchele mbichi kwa kificho. Wenzangu huuona utundu, lakini mara nyingi hamu hiyo huambatana na upungufu wa chuma, hivyo ni heri binti akapimwe wingi wa damu kabla mzazi hajaitwa kwa kosa la nidhamu.

Nyumbani, maharage, dagaa na matembele vingesaidia, ila chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo huzuia chuma kufyonzwa. Afadhali isubiri saa moja, na mboga ikamuliwe ndimu. Lipo pia jambo ambalo wazazi hawapendi tulitaje: binti ndiye anayepika, anayepakua na anayeosha vyombo, kwa hiyo hula mwisho, tena makombo, kisha hufungua kitabu saa nne usiku, kaka yake akiwa ameshamaliza kusoma. Chai hiyo hiyo humfukuzia usingizi, naye huamka alfajiri hana hamu ya kula.

Kamati ya wazazi ikiniuliza mchango upi utangulie, wa uji wa asubuhi au wa masomo ya ziada ya Jumamosi, nitachagua wa uji.