Maswali na Majibu: Rangi ya Mdudu na Kazi Zake

Je, panzi huchagua rangi inayofanana na mahali alipo? (Msomaji, Kayole)

Swali hili hunifikia karibu kila mwezi, na jibu ni lile lile: hachagui. Wapo panzi wa savana ambao hugeuka weusi siku chache baada ya nyasi kuungua, lakini mwili ndio unaoitikia mazingira, wala si uamuzi wake. Wadudu wengi hawana hata uwezo huo. Asiyefanana na mahali alipotua huliwa, na anayefanana napo huishi akazaa. Ndivyo nondo weusi, ambao mmoja wao alinaswa Manchester mwaka 1848, walivyoongezeka Uingereza masizi ya viwanda yalipoyatia weusi mashina ya miti, kisha wakapungua hewa ilipotakata.

Mdudu mweusi si ataungua juani? (Msomaji, Ruaka)

Ataungua akitulia juani adhuhuri, ndiyo maana hatulii. Rangi nyeusi hufyonza joto upesi, na hiyo ni faida kubwa katika mji ulioinuka zaidi ya mita 1,600 kama Nairobi yetu, hasa Julai, kwa kuwa misuli ya mabawa ya vipepeo wengi haifanyi kazi vyema kabla ya kufikia nyuzi 30 hivi. Mtazameni kipepeo wa kahawia saa mbili asubuhi anavyotandaza mabawa na kuota jua mpaka apate nguvu ya kuruka. Jua likipanda, huyafumba yakasimama wima, akaelekeza ukingo mwembamba tu juani, na upande wa chini uliofifia kama jani kavu ukamficha ndege wasimwone.

Mdudu mwembamba mwekundu na mweusi aliyeingia chumbani ana sumu? (Msomaji, Embakasi)

Anayo, na rangi yake ni onyo; usimponde juu ya ngozi, mpeperushe, kisha uoshe alipopita kwa sabuni na maji.

Tunapaka chokaa mashina ya mijakaranda ya mtaa wetu yapendeze. Kuna ubaya? (Msomaji, South B)

Upo. Jumamosi iliyopita nilisimama shubiri moja tu kutoka kwenye shina la mjakaranda, na dakika kadhaa zikapita kabla sijamwona nondo aliyetua mbele ya macho yangu: mistari ya mabawa yake ilifuatana na mifereji ya gome, na mabawa ameyalaza bapa hata hayakuacha kivuli. Shina la jirani lilikuwa limepakwa chokaa, na nondo wa aina ile ile aliyetua hapo nilimwona nikiwa ng'ambo ya barabara. Ndege humwona mapema zaidi. Acheni gome lilivyo, na msimnyunyizie dawa mdudu ambaye hamjamtazama. Miti iliyokwisha kupakwa msiirudie. Mvua za masika na vuli zitaiosha polepole.