Safari ni neno la nani? Maswali yenu na majibu

Wiki hii maswali yamekuja mengi na karibu yote ni ya neno moja, safari, basi nimeyaweka pamoja.

Dereva wa watalii, Nyali: Wageni wangu wasema wako kwenye safari. Juzi nikawaambia mi pia nimetoka safari, nilienda Lamu harusini, wakaniuliza niliona simba wangapi. Sasa hili neno ni letu ama ni lao?

Ni letu kaka, wao wameazima. Sisi nasi tulilipata kwa Waarabu, safar kwao ni ule mwendo wa kutoka mji kwenda mji, na tukazaa nalo kusafiri, msafiri, msafara, usafiri. Waingereza wakalikuta huku huku pwani. Richard Burton alifika Mombasa 1857 kisha akaingia bara, na vitabu vyake ni kati ya vya mwanzo kabisa kuliandika neno safari ndani ya Kiingereza. Lakini safari aliyoiona yeye ni ile ya wapagazi, watu wamejitwika nguo na shanga kwenda, pembe za ndovu kurudi, miezi na miezi kwa miguu, kwa hivyo toka mwanzo kwao limeingia na maana ya kwenda porini, zile za kumtembelea shangazi Lamu hakuwaambia mtu.

Msomaji wa Kisauni: Sawa, lakini wanyama waliingia vipi hapo?

Waliingia na bunduki. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901, na ilipokwisha matajiri wa Ulaya na Marekani wakawa washuka meli bandarini kwetu, wapanda treni, waenda kuwinda. Aliyelitangaza sana ni Theodore Roosevelt, alitoka urais wa Marekani 1909 na mwezi wa Aprili mwaka huo huo akashuka Mombasa na mwanawe Kermit. Wawili hao peke yao waliua wanyama zaidi ya 500, na magazeti ya kwao yalikuwa yakiandika kila hatua, basi msomaji wa New York akajua safari ni hio. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, bunduki ikawekwa chini ikashikwa kamera, lakini neno likabaki pale pale kwa wanyama.

Na mi kinachoniuma ni kuona hata sisi twaanza kulipunguza hivyo, tangazo la Kiswahili laandikwa hapa hapa mjini na safari ndani yake ni Tsavo tu, kama kwamba mwenye kupanda basi kwenda Voi kumuona mamake hasafiri.

Dada wa Mji wa Kale: Bibi yangu hataki tusafiri mwezi wa Safar, ati una nuksi. Ni neno moja hilo na safari?

La, dada. Kwa herufi zetu hizi yafanana lakini kwa Kiarabu safari yaanza na sini, na huo mwezi wa Kiislamu, Mfungo Tano kwetu, waanza na swadi. Swadi, fe, re, ndugu yake mwezi huo kwa herufi ni sifuri, yaani tupu. Na hio sifuri nayo imesafiri kweli, ilipita Kilatini na Kitaliano ndio Waingereza wakapata zero yao. Mambo ya nuksi waulize mashekhe, na bibi mpe heshima yake.

Mwanafunzi, Changamwe: Kwenye insha ya Kiingereza niandike "safari" nikienda Malindi?

Usiandike, andika "journey" ama "trip". Mwenye kusahihisha atangojea ndovu.

Msomaji wa Likoni: Babu akikasirika husema "safari hii simsamehi", na hakuna anapokwenda. Yatoka wapi?

Hapo ndipo napapenda zaidi. Safari kwetu ni mara pia, ni zamu. Mtu aenda kisimani arudi, aenda arudi, wamuuliza umeteka maji safari ngapi, asema tatu. Ukishahesabu mwendo hivyo waweza kuhesabu chochote, kosa la kwanza, la pili, na safari hii hapana. Kiingereza hakikuichukua maana hio kabisa. Mskize babu vizuri akisema, na maneno yake mengine yaandike pia.