Jibu: Kioo cha mbele kujaa ukungu safarini

Habari mkuu. Umesema kila alfajiri kioo cha mbele cha gari kinajaa ukungu kwa ndani, ukiwasha hita ndiyo kwanza unazidi, na uko peke yako, huna wa kukufutia. Yalinikuta msimu huu huu wa majani kupukutika.

Anza na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani: kizime, hewa ya nje iingie. Kisha washa AC pamoja na joto, inakausha hewa. Bado? Fungua boneti, chungulia chini ya waipa. Mimi nilichota konzi mbili za majani yaliyooza, meusi, yananata, yameziba tundu la hewa. Mazulia nayo yalikuwa chepechepe (kushukashuka kupiga picha miti, narudi na viatu vilivyolowa!), na unyevu huo ndio unaogeuka ukungu. Usifute kwa kiganja, kinaacha michirizi ya mafuta. Taa za wanaokuja zikikupiga usiku, huoni kitu.