Maji ya Ngamani

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Usiku ule uliolala huku chomboni ulizinduka saa nane, ukanikuta nafua maji ngamani, nayachota chini kabisa ya chombo na kuyamwaga nje. Ukaniuliza: "Baba, chombo chenyewe kinavuja. Kwa nini usikipandishe pwani ukaja kukaa nasi Nairobi?" Sikukujibu kwa kuwa ulikuwa umeshikwa na hofu. Leo nakujibu.

Maji yale yalikuwa ndoo moja. Kwa siku nafua ndoo mbili. Chombo cha mbao hunywa maji kidogo kila siku, na kwa kunywa huko mbao huvimba zikabanana. Kikae juu ya mchanga miezi miwili ya jua la kaskazi, majira ya upepo wa kaskazini mashariki, mbao husinyaa, kalafati, ile pamba inayoziba nafasi baina ya mbao, ikalegea, hata ukilala ndani waona mwanga wa nje. Siku ya kukirudisha baharini ndipo kinapovuja kwelikweli. Kwa hivyo ukinambia nikipandishe nikiache, mwanangu, wanambia nikiue.

Ndoo mbili hazinitishi. Zikizidi ndipo sipati usingizi. Mwezi wa Shaaban zilifika sita. Nikangoja bamvua ya mwezi mpevu, maji makuu, siku ambazo maji hapa Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, tukakisogeza kwenye mchanga maji yamejaa, tukakiegemeza kwa miti ubavuni. Yalipopwa kikabaki kikavu. Hapo una saa chache tu, bahari hairudi kwa miadi yako. Fundi alipita akigonga ubao kwa ubao mpaka karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akasimama. Akachokoa pamba kuukuu, ikatoka nyeusi, imelowa, inanuka. Akaisokota mpya iliyotiwa mafuta ya nazi, akaishindilia kwa patasi na nyundo ya mbao. Mwanzo mlio ulikuwa mzito, kisha ukawa mkavu, mkali, na mimi nikajua pameshika kabla hajasema. Deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa wa kukinga mbao, niliipaka mwenyewe kwa mikono, na nilipomaliza maji yalikuwa magotini.

(Mwaka juzi fundi mwengine aliniziba pahala hapo hapo kwa saruji. Chombo kikienda, mbao hucheza. Saruji haichezi. Haikumaliza mwezi.)

Umeniuliza pia mchana nafanya nini. Februari mimi na mamako tulitoka hapa Mji wa Kale na kaskazi, tukaiacha Ngome ya Yesu nyuma yetu, tukashuka kusini. Mwendo ambao matatu huumaliza kwa asubuhi moja sisi tuliuchukua siku sita. Gazi tulilala siku mbili kwenye mikoko kwa sababu mamako alipenda kuwatazama kaa wakitoka maji yakipwa, na mimi sikuwa na la kunikimbiza. Usiku alipika wali wa nazi kwenye jiko la makaa, tukala juu ya sitaha, maji yakigonga ubavuni polepole. Wasini tukakaa mpaka kaskazi ikalegea, kisha matlai, upepo mwanana wa mashariki, ikaturudisha nyumbani taratibu. Sijapata kumuona mamako akicheka vile tangu mlipokuwa wadogo. Hilo nalo nilitaka ulijue.

Lakini neno lako sikulitupa. Juni na Julai kusi, upepo wa kusini, hukaza na huwa hatuendi popote, tunakaa tu nangani. Inshallah wakati huo tutakuja Nairobi, tuwaone wajukuu, tukae wiki tatu. Jirani yangu mwenye mashua ya pili amekubali kukifulia maji asubuhi na jioni. Nimemwambia ndoo mbili, zikifika tatu anipigie simu.

Wasalimie wote.

Babako