Uzito haukupotea, gesi ndiyo iliyotoroka

Kwa aliyeuliza mbona mizani ilishuka baada ya kuchanganya siki na bekingi soda: hakuna atomu iliyopotea. Gramu 4.2 za bekingi soda na mililita 60 za siki ya asilimia 5 hutoa takriban gramu 2.2 za kabonidayoksaidi, ambayo kwa mwinuko wa Nairobi hujaza karibu lita moja na nusu. Usiinase kwa puto. Likivimba huinuliwa kidogo na hewa inayolizunguka, na mizani itakudanganya tena. Chukua chupa ya soda ya plastiki, nusu lita, yenye siki ndani, na bekingi soda gramu 1 tu (presha, jamani!) iliyofungwa kwa tishu. Pima vyote pamoja na kifuniko, dumbukiza tishu ndani ya siki, kaza haraka, pima tena. Ikishuka, kifuniko kinavuja.